Mama Alisema Mbili

Mtu akikuambia duka la dawa linahitaji masomo mengi, mlete soko la Ndanai aone langu. Lina vioo mbele, lina friji ya chanjo za ng'ombe na nyingine ya dawa za watu, na stima ikipotea soko lote, kwangu taa zinabaki zimewaka. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilichuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, halafu nikapata kazi ya kufagia duka la dawa karibu na steji. Katika kufagia nikajifunza rangi za maboksi, na baada ya rangi nikajifunza majina, na baada ya majina nikajua kila dawa inaenda kwa ugonjwa gani. Siku tajiri wangu alipolazwa, mimi ndiye niliyesimama nyuma ya kaunta wiki tatu. Hakuna aliyekufa. Wengine walisema nilikuwa nauza vizuri kuliko yeye.

Nilipofungua langu, niliweka ukutani cheti cha mtu aliyesoma, kwa sababu sheria inataka hivyo. Mwenye cheti ni mwanamke mpole, alikuja Jumatatu na Alhamisi. Siku zile nyingine tano, aliyesoma nilikuwa mimi.

Watu waliniita daktari. Sikuwakataza.

Kapsuli za tramadol, dawa kali ya maumivu, ziliingia dukani kwangu kwa njia ya mgongo. Tangu mashine za kuchuma chai zije, watu wawili wanashika moja huku na huku, wanatembea nayo juu ya mistari ya chai tangu asubuhi, na inatetemeka mpaka meno yanagongana. Jioni mtu anashuka amepinda kama ndoano. Dawa ile inatakiwa kuandikwa na daktari, kwenye karatasi yenye muhuri. Lakini mbeba mashine atapata wapi siku ya kwenda kupanga foleni akiulizwa maswali? Mimi nilikuwa nimebeba kikapu cha chai tangu nina miaka kumi na tatu. Nikimwona mtu anavyoingia mlangoni najua ni mfupa gani unamuuma. Nilimwandikia kwa mdomo: moja asubuhi, moja jioni, kula kwanza.

Ilisaidia. Walinishukuru mpaka kanisani.

Halafu wakaja watu wa boda ambao hawakuwa na mgongo unaouma. Walisema inaondoa baridi, inaondoa uoga wa barabara ya Mulot wakati malori yanapita. Halafu wale wa mgongo wakarudi wakitaka mbili asubuhi, halafu nne. Walikuja duka halijafunguliwa, jasho linawatoka kwenye baridi ambayo sisi wengine tumevaa makoti mawili. Nilifungua dirisha dogo la pembeni kwa ajili yao, ili wasiwatishe wamama wenye watoto. Sitadanganya hapa. Nilijua. Nilijiambia mtu mzima anajua mwili wake.

Mmoja wao, baba wa watoto, mbeba mashine hodari ambaye nilichuma naye ujanani, alianguka kwenye kibanda cha kupimia majani. Mwili ulikakamaa ukatikisika, povu mdomoni, watu wakakimbia wakisema ni mapepo. Alipelekwa hospitali, na huko akaulizwa anakunywa nini na anapata wapi. Akajibu. Mimi sokoni nilisema dawa ni nzuri, tumbo ndilo lilikuwa tupu.

Hayo niyaweke hapo kwanza, kwa sababu yalikuwa yananingoja.

Mama alianza kukohoa akila ugali. Halafu akawa anakohoa akinywa chai. Siku mursik ilipomshinda, yale maziwa yetu ya kibuyu ambayo hata mtoto wa siku chache yanamteremka, nilijua. Huku kwetu ugonjwa wa koo, kansa, tunaujua kama tunavyojua mvua ya saa nane. Nilimpeleka hospitali kubwa kwa gari langu mwenyewe, siti ya mbele, shuka jipya miguuni. Wakampima, wakaweka kamrija kwenye koo ili uji upite, wakaniambia umekwenda mbali, iliyobaki ni kumtunza asiumie. Wakatutuma kwenye chumba cha mwisho cha korido, ambapo kila Jumatano daktari wa kutuliza maumivu anakaa. Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza, amevaa sweta, haongei sana.

"Mama," akasema, "sufuri ni hakuna uchungu. Kumi ni uchungu unaozidi wote uliowahi kusikia. Wewe uko wapi?"

Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Mbili."

Daktari akanigeukia. "Nyumbani yuko hivyo?"

Nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile. "Daktari, wewe hujui wamama wa kwetu. Huyu alichuma chai na mimi niko mgongoni. Sijawahi kuona chozi lake. Huyu ni chuma. Andika mbili."

Akaandika mbili kwenye kadi. Akatupa dawa ya maji ya kawaida, ile hata mimi ninauza.

Niseme kidogo kwa msomaji wa mbali. Kwetu Kipsigis, kijana siku yake ya jando ikifika hatakiwi kupepesa hata kope. Yale mengine hayaandikwi. Lakini ujue kwamba uso wa kijana siku ile ni uso wa mama yake. Akikunja paji tu, mama anatembea na aibu hiyo sokoni mpaka azeeke. Na wamama wa rika la mama yangu nao walipita katika yao, wakiangaliwa vilevile. Mimi sikupepesa. Mama alitembea mwaka mzima kichwa juu kwa sababu yangu, na aliniambia hivyo kila nilipomletea sukari. Sasa mtu kama huyo unamuuliza uchungu wako ni ngapi, mbele ya mtoto wake wa kiume?

Mimi nilipaswa kujua. Ninajua mfupa wa kila mtu wa Ndanai.

Nyumbani mama alianza kukaa nje akiangalia ukuta wa zizi. Nikimuuliza anasema anamwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa malishoni. Kisha nikaona pembe ya blanketi lake imeliwa, nyuzi zinaning'inia. Nikasema hawa ni panya, haiwezekani panya waingie nyumba yangu ya mawe. Nikaleta mtego kutoka dukani nikautega chini ya kitanda, na jibini juu yake.

Mama mdogo ndiye aliyeutoa kwa fimbo.

Nimeandika mama mdogo, lakini wakati ule sikuwa nikimwita hivyo. Ni mama wa upande wa ziwa, alikuja zamani kuchuma chai, akapangiwa mstari mmoja na mama yangu, na nyumba zao kwenye kambi ya wachumaji zilitenganishwa na bati. Tukiwa watoto alitulisha omena, dagaa wa kwao, wakati mama ana zamu, tukamwita mama mdogo. Nilipopata mali nikaacha kumwita. Alipostaafu, mama alimkatia kona ya shamba letu chini pale, ajenge. Nilipinga kwa nguvu. Nilisema watu watacheka, mgeni kukaa ndani ya ua wa mtu kama mimi. Mama akaniambia, "Wewe ulinyonya kwake nilipokuwa na homa. Nani mgeni?" Basi nikaacha kubisha, lakini nilipanda ua wa michongoma katikati.

Mama alipougua, huyo mama alipita kwenye michongoma kila jioni kuja kulala naye.

"Panya gani, wewe?" akaniambia, mtego unaning'inia kwenye fimbo. "Hilo blanketi ni meno ya mama yako. Analiuma ili asipige kelele. Umesoma maboksi yote ya dawa, jino la mama yako hulijui?"

Nilikwenda dukani. Nilikuwa na kapsuli maboksi kwa maboksi. Nilizifungua, nikamwaga unga kwenye uji, nikaweka asali juu, nikampelekea mwenyewe. Alionja, akashika kikombe hewani.

"Chungu. Hii ni ile ya yule mtu aliyeanguka?"

Nikachukua kijiko nikakoroga tena.

"Wamama wa kanisa wanalia kwa sababu ya hii, wanakaa karibu na mimi wakiongea polepole ili nisisikie ni duka la nani." Akaweka kikombe chini. "Mpe ng'ombe."

Kilichobaki kilikuwa mofini, dawa ya maumivu inayozidi zote. Hiyo haikai kwenye rafu za watu kama mimi. Inatoka kwenye kabati la hospitali kwa sahihi ya yule daktari, basi. Mimi nimepitisha mambo mengi maishani bila sahihi ya mtu, lakini hapo nilikwama. Jumatano nikavaa suti, nikaenda peke yangu, kwa sababu mama hakutaka kutoka.

"Kadi inasema mbili," daktari akasema.

"Kadi imekosea."

"Kadi iliandika ulichosema wewe." Akaniangalia. "Duka lako ni lile la vioo, pale Ndanai?"

Nilifurahi. Nikakaa vizuri. Nikajua sifa zangu zimefika mpaka hospitali. "Ndilo hilo, daktari. Karibu siku moja, nitakuchinjia kuku."

"Yule mbeba mashine aliyeanguka alilala kwenye wadi yetu. Na wengine baada yake. Wote nikiwauliza, wanataja dirisha dogo la pembeni." Akafunga kadi. "Sasa unakuja bila mgonjwa. Mgonjwa ana mbili. Unataka chupa ya mofini uende nayo nyumbani. Ungekuwa wewe ndiye umekaa kiti hiki, ungeipitisha?"

Nilifikiri kidogo. "Ningeipitisha."

"Najua," akasema.

Nimewahi kufukuzwa kazi, nimewahi kufungiwa duka siku nne, nimewahi kukimbizwa na fahali kule Mulot nikaruka waya. Siku zote nilikuwa na mahali pa kukimbilia. Siku ile niliendesha gari polepole kati ya chai na chai, kijani huku na kijani kule, na sikuona pa kutokea. Nikisema ukweli kuhusu mama, neno langu halina uzito, kwa sababu ya dirisha. Na mama mwenye neno lenye uzito hawezi kulisema, kwa sababu alinilea nisilie, nami nikajivunia.

Jumatano iliyofuata nilimbeba mama mikononi mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi kama kikapu kilichomwagwa. Yule mama tuliyeishi naye kambini alikaa nyuma na mfuko wake wa kiondo. Njiani nikasema, "Mama, leo akikuuliza, sema nane. Hata tisa."

"Unanifundisha kulia?"

"Nakufundisha kuhesabu."

"Wewe weri wangu hukupepesa," akasema. Weri ni mtoto wa kiume. "Leo mimi nipepese mbele yako?"

Tukaingia. Daktari akauliza swali lake lilelile, sufuri na kumi yake. Mama alinyoosha mgongo. Niliona kidole gumba chake kinaminya kiganja mpaka kikawa cheupe.

"Mbili."

"Mama!"

"Nimesema mbili."

Daktari akaweka kalamu chini. Ningefanya nini? Nimwambie mbele ya watu mama yangu ni mwongo? Hata kama ningesema, ni nani angeniamini? Nilikaa pale na suti yangu, mwenye vioo na friji mbili, kama mtoto aliyeshikwa na mwalimu.

"Kumi," sauti ikasema nyuma yangu. "Daktari, andika kumi."

"Nyamaza wewe," mama akasema.

"Sinyamazi! Mimi ndiye ninalala na wewe. Kwetu mtu akiumia analia mpaka ng'ambo ya ziwa waulize nani amekufa. Ninyi mnakula blanketi!" Na akatoa blanketi kwenye kiondo, akalitandika juu ya meza ya daktari, juu ya karatasi zote, ile pembe iliyotafunwa ikiangalia juu. "Soma hii. Hii haijui kudanganya."

Daktari alizigusa zile nyuzi kwa kidole. Akasema, bila kuniangalia, "Mzee, toka nje."

Nilitoka. Mlango ukafungwa. Nilisimama kwenye korido nikisoma tangazo la kunawa mikono, nikalisoma tena. Kisha nikasikia mlio. Mwanzo sikujua ni mtu. Ulikuwa wa chini, mrefu, kama mlango wa zizi unaovutwa polepole. Miaka hamsini sijawahi kusikia sauti ile, na niliijua ni ya nani. Nilishika ukuta. Mtu mmoja kwenye foleni akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa kabisa.

Mlango ulipofunguliwa, karatasi ilikuwa imeandikwa. Chupa ya maji ya rangi ilikuwa mezani, na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia. Nikanyoosha mkono. Daktari akaipitisha pembeni ya mkono wangu, akampa yule mama wa kambini.

"Hii haikai chini ya paa lako," akaniambia. "Atapima yeye, atanywesha yeye, kila baada ya saa nne, ataweka alama kwenye karatasi. Chupa tupu irudi hapa."

"Daktari, mimi nina kabati la kufuli. Nina friji."

"Ndiyo sababu." Akaongeza, "Na nikisikia dirisha lile limefunguliwa tena, tutaanza upya mimi na wewe."

Basi hivyo ndivyo ninavyoishi sasa. Nilikata michongoma, kwa panga langu mwenyewe, ili mama mdogo asizunguke. Magoti yake yamekufa kwa miteremko ya chai, kwa hiyo saa ikifika ninashuka kumchukua. Nyumba yake ni ya udongo na bati, ile niliyoikataa. Haniruhusu kuingia mahali chupa iko.

"Simama hapo hapo mlangoni, mteja," ananiambia. "Usichungulie."

Nasimama. Nasikia kufuli la sanduku lake. Anatoka na lile bomba amelifunika kwa leso, ananishika mkono, tunapanda polepole kama maharusi wazee. Wakati mwingine anacheka peke yake. "Leo umengoja kidogo tu. Wale wako wanangoja mpaka jua linachomoza."

Wale wangu. Dirisha nimelipigilia misumari. Wamenitukana, wengine wamehamia kwa wauzaji wa Mulot, lakini si wote. Mbeba mashine niliyechuma naye alikuja kwenye lango langu asubuhi moja nikishuka kwa mama mdogo. Alikuwa amekonda, mikono ameificha kwapani ili isionekane inavyotetemeka.

"Daktari. Mbili tu. Mwili umenikataa."

"Nimeacha."

"Wewe umeacha. Mimi je?" Akaangalia kule chini, kwenye bati la mama mdogo. Soko lote lilijua. "Mama yako anapata. Mimi ulinianzisha wewe, ukaniambia kula kwanza. Nikala. Sasa nifanye nini?"

Nikimpa, daktari atasikia, na mama atarudi kuuma blanketi. Nisipompa, ni huyu hapa, amesimama kwenye lango langu na nguo zinampwaya. Nilimwambia, "Jumatano ingia kwenye gari."

Aliingia. Alikaa nyuma na mama mdogo na kiondo chake. Mama siti ya mbele. Njiani mama mdogo alimpa ndizi na kumwambia ale, anaonekana kama mti wa ua.

Daktari alimwangalia mtu wangu mikono, macho, ulimi. Chupa mpya ya mama ilikuwa mezani, karatasi yake bado haina sahihi. Niliiona karatasi ile vizuri.

"Nani alikuandikia?" akamuuliza.

Yule mtu akaangalia sakafu. Angenyamaza. Ni wa kwetu, hangesema mbele yangu. Na mimi pia ningeweza kunyamaza, karatasi ikapata sahihi, tukaenda nyumbani.

"Mimi," nikasema. "Mwanzo moja asubuhi moja jioni. Mwisho nilikuwa nampa nane kwa siku. Miaka miwili na kitu." Uso wangu haukusogea. Hilo nilifundishwa.

Mama alikuwa ameketi pembeni yangu. Hakunigeukia.

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kisha akavuta karatasi ya mama, akaitia sahihi, akampa mama mdogo chupa. Akafungua karatasi nyingine kwa yule mtu. "Utapunguziwa polepole, hapa, mbele yangu," akamwambia. Na kwangu akasema, "Utamleta wewe. Kila Jumatano. Na wale wengine wa dirishani, wewe ndiye unawajua. Walete mmoja mmoja."

Gari langu linaingia watu saba. Sasa Jumatano linajaa, na duka linabaki na mwenye cheti, ambaye sasa nimemwomba awe anakuja kila siku. Wanakaa nyuma wanatetemeka, wananichukia, wananiita daktari bado.

Leo asubuhi nilishuka, nikangoja mlangoni, tukapanda. Mama alikuwa ameamka, uso mkavu, kitambaa kimefungwa vizuri.

"Mama, uchungu ni ngapi leo?"

"Mbili," akaniambia.

Nyuma ya kichwa chake, mama mdogo akainua vidole sita ili nione, kisha akafunua leso.